Mahali pa Kiwiko cha Mujuni

Kashai, Bukoba
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Kemilembe,

Barua huandikwa kwa mtu aliye mbali, na wewe uko chumba cha pili. Kati yetu kuna ukuta wa udongo tu, nami nasikia unavyofungua sanduku na kulifunga tena. Mama yako amekusimamia, anakupa habari za sabuni, na shuka, na namna ya kujifunika kifua melini upepo wa ziwa ukivuma. Unamjibu, "Ndiyo, mae." Nami nimekaa hapa sebuleni na kalamu, mtu mzima, seremala mwenye kucha zilizojaa gundi, namwandikia mtoto ambaye ningeweza kumwita kwa sauti ya kawaida akaja. Naogopa nikikuita hutakuja. Ndiyo sababu naandika.

Kesho unaondoka kwenda Kampala kusomea uuguzi, na tangu uliporudi kutoka Muleba kumuaga bibi yako hujanisemesha. Unaniwekea chakula mezani, unapiga goti kama ulivyofundishwa, unaondoka. Heshima yote ipo, sauti tu ndiyo haipo. Juzi niliacha kwa makusudi ndizi zikapoa kabisa, nikitumaini utanigombeza kama ulivyozoea, ukazichukua kimya ukaenda kuzipasha moto. Afadhali ungenitukana.

Ya sanduku namwachia mama yako. Ya kumcha Mungu namwachia mchungaji, atakuja asubuhi kukuombea, na unajua akianza hamalizi upesi. Mimi nina habari moja tu, ya gitaa la kaka yako. Nitaieleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana nikiruka moja nitaanza kujitetea.

Kile kibaraza cha karakana yangu kule mtaa wa Bakoba umekizoea, lakini hukukijua kilipoanza. Nilirudi kutoka vitani Burma na gitaa langu kavu, nikadhani niko peke yangu mjini mwenye ugonjwa huo. Kisha Paskali, mwalimu wa Kaagya, akaleta lake kwangu nimzibie ufa. Hamisi, fundi wa magari, akaleta lake lililokatika shingo. Hawakuondoka. Wakawa wanakuja kila Jumapili, mmoja akitoka misani, mwingine akitoka kwenye magari ya Wahindi yasiyojua Jumapili, nami nikitoka ibadani, tukawa tunakaa pale na kibuyu cha rubisi kando ya mlango.

Sikumbuki nani alianzisha kupokezana. Sheria yake ilikuwa hivi, na bado ndiyo hiyo: siku ya kibaraza hakuna anayepiga gitaa lake mwenyewe. Unampa jirani yako, unapokea la mwingine, na kabla ya kupiga unalipapasa kwanza. Unatafuta mahali palipochakaa, pale rangi ilipotoka, pale mti ulipolainika kwa jasho, halafu unasema ulichokiona. Mwenye gitaa anakaa mikono magotini, ananyamaza. Kukataa kupokea la mwenzako ni tusi kubwa. Kulipangusa kabla ya kulishika ni tusi kubwa zaidi.

Tulicheka sana pale. Hamisi akilipokea la Paskali alikuwa akisema, "Mwalimu, gitaa lako limeota upara kabla yako." Na Paskali naye, "Lako limefungwa waya kila mahali, sijui nipige au niwashe." Langu lilikuwa na mikwaruzo mgongoni ya bizimu la mkanda wa jeshi, lakini mbele lilikuwa zima, na wote wawili waliafikiana kwamba Ta Kamugisha hapigi gitaa, analala nalo. Nilinuna siku ile. Ni kweli lakini, nilikuwa naogopa kulipiga kwa nguvu nisije nikaliharibu. Watu wengi wanaviogopa vitu vyao hivyo hivyo, na mimi ni mmoja wao.

Kisha kaka yako akaleta la umeme.

Wewe ulikuwa bado unasuka nywele za mahindi. Mujuni alikuwa ameanza kuendesha lori la kahawa, na safari moja alivuka mpaka Kampala, akarudi na kitu kimefungwa ndani ya gunia. Alikinunua kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akipiga hotelini na sasa anarudi kwao. Lilikuwa gitaa pana, la rangi ya chai ya rangi, na chini ya nyuzi lilikuwa na kile kibati cha kudaka sauti. Lilikuja limechakaa tayari. Pale juu, mahali mkono wa kulia unapolala, Mgoa alikuwa amekula rangi yote mpaka mti mweupe ukaonekana. Hamisi akaleta betri ya lori, wakachokoa redio yangu kuukuu mpaka ikakubali kupokea ule waya, na Mujuni akagusa uzi mmoja. Kuku wa jirani walitawanyika. Paskali akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Waitu, rudia."

Nilipomwona ameligeuza, nilijua kinachofuata, na sikupenda.

Kemi, kaka yako alizaliwa na mkono wa kushoto. Hujui, kwa sababu ulipokuwa na akili ya kuona, nilikuwa nimekwisha kuuficha. Alipoanza kula mwenyewe aliupeleka ule mkono chunguni, nikampiga. Akaupeleka tena. Nikawa namfunga mkono ule kiunoni kwa kamba ya mgomba wakati wa chakula, mbele ya wageni, na wageni wakanisifu kwamba najua kulea. Shuleni walimalizia kazi yangu kwa kiboko. Akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Alikuwa mtoto mtiifu kuliko nilivyostahili. Usiku mmoja mama yenu alimkuta amelala, na ule mkono wa kushoto ameukunja nyuma ya mgongo mwenyewe, hakuna kamba, akaja kunionyesha. Nikamwambia, unaona, amezoea. Namkumbuka mama yako alivyoniangalia.

Kwa hiyo pale kibarazani, alipolipindua gitaa juu chini na kulipiga kwa mkono wa kushoto, nilifungua kinywa kumkemea. Paskali akanishika goti. "Muache, Ta Kamugisha. Hapa hatuli." Basi nikamwacha. Nyuzi hakuzibadilisha, aliziacha kama zilivyo ili mwingine akipokezwa asipate taabu, na yeye akajifunza kila kitu kinyume. Wewe ulimsikia, sina haja ya kueleza. Kwenye arusi za Kanyigo mpaka Muleba watu walikuwa wakiuliza kama yule wa kinyumenyume atakuja.

Na kwa vile alilipindua, mkono wake ulilala pale ambapo mkono wa mtu mwingine yeyote haulali. Ukingo wa chini, ule ambao sisi wengine tunauegemeza pajani. Jumapili hadi Jumapili niliuona ukibadilika. Kwanza ile vanishi ilififia, halafu rangi ikaenda, halafu mti ukatokea, kipande cha ukubwa wa kiganja, laini, na kishimo kidogo mahali pa kiwiko. Hamisi akilipokea alikuwa anasema, "Gitaa hili lina wenyewe wawili, Mgoa juu na Mhaya chini." Mujuni anacheka mikono magotini. Katika ulimwengu mzima ule mkono haukuwa na alama yoyote uliyoiacha. Hakuandika nao, hakula nao, hakumpa mtu mkono nao. Alama yake ilikuwa pale tu.

Siku lori lilipoteleza kwenye ule mteremko wa kutoka Muleba, gitaa lilikuwa hapa nyumbani, juu ya kabati. Sitasema zaidi kuhusu siku hiyo. Tulimzika kibanjani kwa bibi yako na wewe ulikuwapo.

Matanga yalipokwisha, Paskali na Hamisi walikuja kuniomba gitaa, ndiyo desturi, la marehemu nalo lipokezwe. Nikawapa. Kibarazani likazunguka, kila mtu akalipapasa, hakuna aliyesema neno. Lilipofika kwangu nililiweka pajani, na pale chini nikakihisi kile kishimo kimenigusa mguu. Kama mtoto aliyekaa karibu nawe amekuegemea. Nikapiga nyimbo mbili nisizozikumbuka, nikampa aliyefuata, na aliyefuata ulikuwa wewe, umesimama mlangoni na gauni la shule. Mujuni alikuwa amekufundisha kwa siri nyuma ya jiko, nami nilikuwa sina habari. Ulilipiga kama watu wote, kwa mkono wa kulia, na Hamisi akageuza uso ukutani akalia. Kuanzia hapo ukawa wa kibarazani, msichana peke yako, na hakuna aliyethubutu kukuuliza unatafuta nini.

Sasa nakuja kwenye hili la juzijuzi.

Nilikuambia nimefanya kwa ajili yako. Nilisema mbele ya mama yako kwamba huwezi kwenda Kampala, kwenye bweni la watoto wa watu, na gitaa lililochakaa kama kuni. Nilisema nilikuwa nakaza skrubu moja tu iliyolegea nikaona heri niifanye kazi nzima. Maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga tangu nilipochukua msasa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi tena kulipokea. Kila Jumapili lilikuwa linazunguka linakuja kwangu, na kukataa ni tusi, nawe ungeniona. Kila Jumapili kile kiwiko kilikuwa kinanigusa pajani. Wenzangu walikuwa wanapata faraja pale, niliwaona usoni. Mimi nilikuwa nashikwa. Nilikuwa nakumbuka kamba. Ulipokwenda Muleba nikalileta karakanani, nikafunga mlango, nikajiambia nakutengenezea zawadi. Nikapiga msasa ule mkali, halafu mlaini. Mahali pa Mgoa palitoka kwa urahisi. Mahali pa Mujuni palikuwa na shimo, ilibidi nisugue na pembeni mpaka pote pawe sawa, na hapo, Kemi, mkono wangu ulijua. Mkono wa seremala unajua unachokiondoa. Nikaendelea. Nikapaka vanishi, ikakauka, nikapaka tena. Nilipomaliza liling'aa, ungeweza kujiangalia usoni, na niseme lililo kweli hata kama linaniaibisha: nilifurahi. Nilifikiri nimepona.

Ukarudi. Nilikuwa nimelitundika pale ukutani ulione kwanza ukiingia. Uliweka kikapu chini, ukalishusha, hukutazama mng'ao wala nini, ukapeleka mkono moja kwa moja kwenye ukingo wa chini. Ukapapasa, ukarudi, ukapapasa tena kama mtu anayetafuta kitasa gizani. Kisha ukasema, "Tata, yuko wapi?"

Ndilo neno la mwisho uliloniambia. Nami nikajibu mambo ya Kampala na watoto wa watu.

Mama yako hakupiga kelele. Alingoja mpaka umetoka, akasema, "Ungeniuliza, waitu." Nikamwambia, "Wewe si mpiga gitaa, ningekuuliza nini?" Akanieleza. Kila asubuhi akifagia sebule alikuwa anapitisha kiganja pale, mara moja, kisha anaendelea na ufagio. Hakuna aliyemwona. Hakuijua sheria ya kibaraza chetu, hajui hata majina ya nyuzi, na alikuwa anampokea mwanawe kila siku kuliko sisi wote. Tumekaa nyumba moja, na sikujua.

Baada ya hapo nilifanya ujinga wa mtu aliyechanganyikiwa. Nililifungua tena usiponiona, nikatafuta kama kuna mahali nilipopasahau. Nilitoa nyuzi, nikafungua kile kibati cha kudaka sauti. Chini yake nikakuta kipande cha rangi ya zamani, ile ya chai, nzima kabisa, msasa wangu haukufika. Nikafurahi kwa kitambo kidogo. Halafu nikaelewa kwamba hapo rangi ilibaki nzima kwa sababu mkono wake haukuwahi kupagusa. Nikarudisha skrubu zangu nikakaa juu ya mbao.

Jumapili Paskali alinisema, na alinisema kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Hamisi hakulipokea. Alilitazama gitaa likimjia, akainuka, akaenda kunywa maji. Miaka yote ya kibaraza hakuna aliyewahi kufanya hivyo, na sikuona kuwa amenitukana.

Nina maneno machache ya kukupa, nayo yanatoka humo humo.

Kule unakokwenda watakufundisha kusafisha. Ndiyo kazi, najua, na ni kazi njema. Mgonjwa akifa watakuambia utoe shuka, uoshe kitanda, utandike kipya, maana kuna mwingine anangoja. Utafanya. Lakini kabla hujaikunja ile shuka, toka nje, mtafute mwenye mtu wake. Atakuwa amekaa chini ukutani, mama fulani na kikapu cha chakula ambacho hakikuliwa. Muulize. Mwambie, mama, nataka kutandua, je, nikungoje? Labda atasema endelea. Labda ataingia aweke mkono pale penye bonde la mto, mahali kichwa kilipolala. Wakubwa wako wakikugombeza kwa kuchelewa, wakugombeze.

Na ukipata mtoto, akipeleka mkono wa kushoto chunguni, muache ale. Wageni watasema. Wape chakula, midomo yao itakuwa na kazi.

Usidhani naandika haya ili unisamehe usiku huu. Mimi mwenyewe sijui ningemsamehe vipi mtu aliyenifanyia hivi. Najua tu kwamba hasira yako ni haki yako, na kwamba umeibeba kwa adabu kuliko mimi nilivyobeba huzuni yangu. Mimi yangu ilinishinda nikaichukulia msasa.

Gitaa liko kwenye gunia, karibu na mlango. Nimelifunga ili usilazimike kuliona. Mama yako anasema umemwambia hulitaki, kwamba sasa ni gitaa la dukani tu. Sina la kubisha. Ukiliacha, nitalitunza, na sitalipangusa vumbi. Ukilichukua, usitafute mahali pake, nimekwisha kutafuta kwa niaba yetu sote. Lipige tu, kwa mkono wako, mpaka vanishi yangu itoke. Iko ngumu, niliipaka vizuri, itakuchukua miaka.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka gatini. Shangazi zako watakuwapo, na wanakwaya wenzako, kutakuwa na kelele, na mimi nitasimama nyuma ya watu kama wanavyosimama wazee. Nilimzika mwanangu mmoja, Kemilembe, halafu baada ya kumzika nikamfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Wewe ndiye uliyebaki. Usiipande ile ngazi ya meli kimya. Ukifika katikati, geuka, niite Tata. Hata kwa hasira, hata kama neno litakalofuata ni la kunilaumu mbele ya Bukoba yote. Niite, niitike.

Baba yako,
Kamugisha